Babu Tafsiri Alinizika Nikiwa Hai

Jumapili saa nane mchana, nimekaa sebuleni kwangu na kidole kimefungwa bandeji, nikamsikia mwanangu akiwatangazia watu kwamba nimekufa.

Si kwamba naumwa. Si kwamba hali yangu ni mbaya.

Nimekufa... tayari.

Na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Wazazi wenzangu, naomba msome mpaka mwisho. Mimi si mwandishi, shule nimeishia ya msingi, na hapa naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Lakini kuna kosa nimelifanya, na naona wengi wetu tunalifanya tukiwa na hasira, halafu tunalisahau. Lenyewe halisahau. Linaendelea kutembea.

Nianze na Ijumaa.

Mimi ni fundi cherehani. Mtaani naitwa Mama Fundi, hata mwenye nyumba jina langu lingine halijui. Ijumaa hiyo nilikuwa nashona sare za shule, mawazo yangu yako mbali, sindano ikashuka kwenye kidole cha shahada ikatokea upande wa pili.

Muuguzi aliyeitoa akaniambia nisiguse cherehani mpaka Jumatatu. Nikamuuliza sasa siku zote hizo nitafanya nini. Akacheka, akasema pumzika mama, kwani nyumbani huna watu wa kukusaidia?

Nilichukua dawa zangu nikaondoka.

Watu... Nina mtoto mmoja. Ana miaka sita hajakanyaga kwangu.

Ngoja niwaambie kitu kuhusu nyumba ya fundi. Cherehani ikinyamaza, ndipo unajua unaishi na nani. Nilisikia friji likikohoa. Nilisikia bomba la jirani. Nilipika chakula cha mtu mmoja, nikakila kwa mkono wa kushoto kama mtoto, nusu kikaanguka mapajani, na hakukuwa na mtu hata wa kunicheka.

Jioni Mama Pacha, jirani yangu wa mlango wa pili, akaja kuaga. Anakwenda kwa dada yake na mapacha wake mpaka Jumapili usiku. Akaniangalia nilivyojikunyata, akaingia ndani kwake, akarudi na flashi.

Akasema humo kuna muvi kumi na moja, mchanganyiko, za vita, za mapenzi, za mizimu, zote zimetafsiriwa na Babu Tafsiri. Akaniambia nisikae kulialia, nitazame.

Kwa asiyejua, hizi ni muvi za nje. Wenyewe wanaongea lugha zao, halafu mtu mmoja anaweka sauti yake juu, anawasemea wote kwa Kiswahili. Mwanamume ni yeye, mwanamke ni yeye, mtoto ni yeye, mbwa akibweka naye anamtafsiri. Huyu Babu Tafsiri ana sauti nzito ya kizee, ya kukwaruza, kama mtu aliyezaliwa na mafua.

Basi Jumamosi asubuhi nikaanza.

Ya kwanza ilikuwa ya vita. Wanajeshi wanakimbia kwenye matope tangu mwanzo mpaka mwisho, mmoja amebeba saa ya ukutani, hataki kuiacha, wenzake wanakufa yeye na saa yake. Nilisikitika. Lakini mimi ni fundi jamani, macho yangu hayawezi kutulia. Yule mtu alipita kwenye waya, kwenye moto, kwenye mto, na shati halikutoka uzi hata mmoja. Nikajisemea, ningempata aliyeshona lile shati ningempa mkono.

Ya pili ya malkia wa zamani, zamani hasa, farasi na mishumaa. Amegeuka mgongo, naona zipu.

Ya tatu ya mzimu kwenye shule. Hiyo niliitazama nimeshika mto. Lakini mzimu wenyewe gauni limenyooshwa, limekaa sawasawa mabegani. Mzimu gani huyo mwenye pasi?

Nilicheka kwa sauti. Nikageuka pembeni nimwambie mtu.

Pembeni kulikuwa na kochi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kutazama muvi peke yako kuna shida moja kubwa. Kulia unaweza kulia peke yako. Ila ukichekeshwa, unatafuta uso wa mtu.

Ya nne ilikuwa ya polisi. Mkuu wao mnene, ana hasira, anamgombeza kijana wake, na Babu Tafsiri akamsemea hivi: "Wewe endelea tu. Siku moja nitakukata bila kupima!"

Nikatega sikio.

Hayo maneno ni yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikimtisha mwanangu akiwa mdogo. Sijawahi kumsikia mwingine akiyasema.

Nikajituliza. Mafundi tuko wengi duniani, labda na huyu mzee alilelewa na fundi.

Ya tano ya mapenzi, daktari na dada anayekata tiketi. Dada kakaa dirishani ananuna, mpenzi wake anamwambia, "Mbona umekaa kama nguo ya mteja asiyerudi?"

Nikazima TV.

Nikaenda uani, nikakung'uta mkeka usio na vumbi, nikarudi. Nikawasha tena. Nikaiacha nyingine iendelee, ya katuni, konokono anayetaka kuimba kwaya. Sikumtazama konokono. Nilifumba macho nikasikiliza sauti tu. Chini ya ule ukwaruzo wa kizee, nilikuwa natafuta sauti ya mtoto wangu kama unavyotafuta sindano kwenye zulia, kwa kiganja, polepole, unaogopa kuipata.

Sikuipata. Konokono ana sauti ya konokono, babu ana sauti ya babu.

Niwaambie sasa kuhusu huyo mtoto.

Nyumbani tulimwita Kasuku. Tangu ana miaka mitano alikuwa anamwiga kila mtu, mwalimu, mwenye nyumba, mimi mwenyewe nikibishana na wateja. Alipomaliza shule nikamkalisha kwenye cherehani. Mikono yake ilikuwa kwenye kitambaa, roho iko kwenye kibanda cha video. Akitoka huko anaandika kwenye madaftari. Kurasa na kurasa. Nikimuuliza unaandika nini, anasema, "Mambo ya muvi, mama. Siku moja utaona."

Mimi nilikuwa na hofu. Mama aliyelea peke yake anaijua hofu hiyo. Ukiona mtoto anapenda kitu usichokielewa, unaona kama anatembea kwenye ukingo wa paa.

Basi ikaja kazi kubwa ya sare. Fundi kabla hajakata kitambaa anakata kwanza karatasi, umbo la kola, umbo la mkono, umbo la mfuko, halafu anailaza juu ya kitambaa akate kuifuata. Karatasi zikaniishia. Nikavuta madaftari yake manne chini ya kitanda. Nikachana kurasa, nikazibandika gundi zikawa ngumu, nikapitisha mkasi.

Kusoma najua. Sikusoma.

Alirudi jioni akakuta maneno yake yamekuwa kola. Alisimama mlangoni. Halafu akasema taratibu, "Mama, umenikata."

Nikamjibu nimekata karatasi, asijifanye. Nikamwambia mdomo haujawahi kumlisha mtu, atafute kazi ya mikono au atafute mama mwingine.

Akaenda kutafuta. Alichukua begi moja.

Mwezi ukapita, ukaja wa pili. Nilikuwa nasubiri yeye aanze. Mimi mama, nianze mimi? Simu yangu ikaibwa na laini ikaenda nayo, sikuhangaika kuirudisha namba. Mwaka ulipoisha nikahama ile nyumba ya zamani ya wapangaji, nikaja huku. Na yeye namba yake haikupatikana tena.

Hivyo ndivyo watu wawili wanavyopotezana. Hakuna kishindo.

Turudi Jumapili.

Zilibaki tano. Asubuhi nikatazama ya ngumi, mzee mmoja anapiga watu arobaini bila kuvua koti. Nikatazama ya watu waliopotea angani, na nguo zao zile za kujaa hewa zilinipa kazi, nikawa nahesabu mishono. Nikatazama ya mbwa anayerithi hoteli. Ya wezi wa benki sikuimaliza, kila mtu ndani yake anamsaliti mwenzake na mimi siku hiyo sikuwa na moyo huo.

Ikabaki ya mwisho.

Mama na kijana wake wako kituo cha treni. Mvua inanyesha. Kijana kapanda, mama yuko chini amevaa koti lililotatuka begani. Amemshika mkono kupitia dirishani, na anaongea. Anaongea maneno mengi, haraka haraka, analia.

Babu Tafsiri hakusema kitu.

Nikadhani flashi imeharibika. Mama wa watu anaongea tu, kwa lugha yake, na hakuna anayemsemea.

Halafu sauti ikaja. Haikuwa ya babu.

"Wapendwa watazamaji... hapa huyu mama anamwambia mwanawe, nenda, usirudi, hesabu mimi nilishakufa." Akanyamaza. "Wa kwangu alishakufa kweli. Mniwie radhi, ngoja ninywe maji."

Nikasikia glasi. Nikasikia mtu akimeza.

Sauti hiyo ya kumeza naijua. Nimeisikia akiwa na surua, akiwa na homa, akirudi kucheza.

Kasuku wangu!

Nilisimama, nikakaa. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa furaha, nisiwadanganye. Ilikuwa hasira. Mtoto nimemzaa, nimemlea kwa mguu wangu huu wa cherehani, ananizika hadharani ili watu wamwonee huruma? Kwa muvi?

Chini ya kioo palikuwa panapita namba ya simu ya kuagizia. Nikaiandika kwenye bandeji, nilikuwa sioni karatasi.

Nikapiga.

"Babu Tafsiri hapa, karibu mteja."

Sauti ya kizee imerudi. Nilikuwa nimepanga kumtukana. Nilipofungua mdomo yakatoka mengine.

"Kuna mahali umekosea kutafsiri."

"Muvi gani, mama?"

Kila mwanamke anaitwa mama, hilo nalijua. Lakini lilinipiga.

"Ile ya treni. Yule mama hakumwambia mwanawe asirudi."

Akacheka kidogo, kibiashara. "Kwani mama, ile lugha unaijua?"

"Siijui. Yule mama ndiye ninayemjua."

Sauti ilipotoka tena upande wa pili, babu alikuwa ameondoka. Alikuwa kijana.

"Wewe ni nani?"

"Mama Fundi. Mama yako."

Nilimsikia akivuta pumzi, na nikajua anachotaka kusema kabla hajasema.

"Mama yangu amekufa. Nyie matapeli hata marehemu hamwachi wapumzike?"

Akakata.

Nikapiga, hakupokea. Nikapiga, hakupokea. Na hapo ile hasira ikaanza kunitoka, ikaingia baridi. Kwa sababu mtu anayedanganya watu kwenye muvi hawezi kuwa na sauti ile kwenye simu. Huyu hakuwa anaigiza.

Mwanangu aliamini kweli kwamba nimekufa.

Sasa nitamthibitishia nini? Picha? Siku hizi matapeli wana picha zako wewe mwenyewe. Jina lake la nyumbani? Mtaa mzima wa zamani unalijua.

Nikageuka, nikaliona boksi langu la karatasi za kukatia.

Ile kola ya sare bado naitumia. Miaka sita nimekata kola mia kadhaa kwa karatasi ile ile. Huwa naiweka upande wenye wino juu, upande mweupe chini, wino usije ukachafua kitambaa. Maana yake nini? Maana yake kila siku ya kazi, miaka sita, maandishi ya mwanangu yalikuwa yananitazama usoni, na mimi nilikuwa natazama ukingo tu.

Nikaivaa miwani. Nikasoma kwa mara ya kwanza.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Halafu nikasoma nimekaa chini sakafuni.

Nikapiga tena. Mara ya sita akapokea, akaanza kwa kusema namba yangu atairipoti.

"Usikate, Kasuku. Nakusomea kitu, halafu ukitaka kata." Sikusubiri jibu. "'Daftari la kwanza. Muvi zote nitakazo...' hapo mkasi umepita. Mstari wa chini, 'nitamtafsiria mama kwanza, kwa sababu kila tukitazama kwa jirani anaona aibu kuuliza watu, ananinong'oneza mimi, wana...' Basi. Hapo ndipo shingo inapoanzia."

Nilidhani amekata.

"'Wanasemaje,'" akasema. "Imeandikwa, wanasemaje."

Ni kweli, jamani. Nilikuwa nikimuuliza hivyo tangu ana miaka minane. Tunakaa sakafuni kwa watu, muvi inaendelea, namgusa kiwiko, wanasemaje? Na yeye ananijibu sikioni. Ndiyo kazi aliyokuwa anajifunza kwenye yale madaftari. Kunijibu mimi.

Tulilia wote wawili, sitawaelezea hapo. Kisha akaniuliza mbona sikumtafuta, nami nikamuuliza nani alimwambia nimekufa.

Akasema miaka minne iliyopita alirudi kwenye ile nyumba ya zamani. Alikuja na redio mpya, zawadi yangu. Chumbani kwetu akamkuta kinyozi, mpangaji mpya. Kinyozi akamtazama, akamwuliza kama yeye ndiye mtoto wa Mama Fundi. Akasema ndiye. Kinyozi akamkalisha kwenye kiti chake cha kazi, akampa pole, akamwambia mama yako alishakufa. Alipouliza kaburi, kinyozi akasema hajui, atakuwa alisafirishwa kwao, yeye aliachiwa tu ujumbe na muuza mkaa aliyekuwa jirani, naye alishahama.

"Akaniambia yalikuwa maagizo," Kasuku akasema. "Sasa mama, nani anaacha maagizo ya uongo namna hiyo?"

Wazazi wenzangu.

Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono wa kushoto, na nikaiona ile siku yote kama muvi ya kumi na mbili.

Siku nahama. Mkokoteni umejaa, cherehani iko juu kabisa. Muuza mkaa ananiuliza kwa wema tu, Mama Fundi, kijana akija tumwelekeze wapi? Na mimi, mwaka mzima wa kusubiri umenikaa kooni, nikamjibu bila hata kugeuka:

"Akija, mwambieni nilishakufa."

Wapangaji wenzangu walicheka. Na mimi nilicheka. Nikaondoka.

Muuza mkaa alilipokea kama hasira ya mama. Lakini alipohama yeye, akamwachia kinyozi neno, na hasira haikuhama nalo. Lilihama neno tupu. Kinyozi alilikuta kavu, akaliamini, na siku mwanangu alipokuja akalifikisha kwa heshima zote, na kiti akampa.

Hakunizika mtoto. Nilijichimbia mwenyewe, nikaweka na mtu wa kupokea wageni.

Ningeweza kunyamaza pale. Ningesema kinyozi alichanganya, na Kasuku angeamini. Nilifikiria, Mungu ananiona.

Nikamwambia. "Yale maagizo niliacha mimi."

Nikasikia gari likipita huko aliko.

"Kwa hiyo mama, ulinikata mara mbili."

"Ndiyo."

"Na mara ya pili..."

"Bila kupima," nikamalizia.

Hakucheka. Mimi pia sikucheka. Aliniuliza naumwa nini, maana sauti yangu ni ya mgonjwa, nikamweleza habari ya kidole, akaniambia nisikiloweshe maji. Akasema Ijumaa atamaliza kazi aliyonayo na atakuja. Hakusema amenisamehe. Alisema atakuja, na mimi nimeshikilia hilo.

Leo ni Jumatano.

Ninachowaomba ni kimoja. Ukiwa umekasirika na mwanao, mgombeze uso kwa uso, macho yake yakiona machozi yako, atajua ni hasira. Usimpe jirani neno la kumfikishia. Usimpe shangazi yake, usimpe mlinzi wa geti, usiliandike kwenye kundi la familia. Aliyepewa atalibeba bila yale machozi. Na kama ulishampa mtu, hata iwe miaka kumi, leo vaa viatu kamfuate ulichukue. Mimi jana nimekwenda kwa yule kinyozi. Nilipojitaja alipiga yowe, akaangusha mashine, mteja wake ameondoka nusu kichwa.

Flashi nimeirudisha. Mama Pacha akaniuliza katika zile kumi na moja ipi ilikuwa nzuri, nikamwambia ya treni.

Ameniachia nyingine, yenye muvi mpya ambayo haijatafsiriwa. Nimeiweka juu ya TV na sijaigusa. Makochi nimeyasogeza yakae karibu karibu. Nyumba bado iko kimya, friji linakohoa, na hofu yangu ya zamani imerudi, nasema asipokuja je.

Lakini akija, nitaiwasha, nitakaa, nitamgusa kiwiko.

Nitamuuliza, wanasemaje?